Mwaridi wa Ndau na Asumini ya Ukutani

Kiwanda cha nyumba yetu kilikuwa na shimo moja tu la kupandia. Kwa asiyezijua nyumba za mawe za Amu, mji wa Lamu, kiwanda ni ule uwanja wa ndani usio na paa, ambapo wanawake hupata kipande chao cha mbingu bila kuonekana na mtu. Sakafu yake ilikuwa ya chokaa iliyopondwapondwa mpaka ikawa jiwe, na mama hangemruhusu fundi yeyote aitoboe mahali pengine. Shimo lenyewe lilikuwa na upana wa sinia, chini ya ukuta wa mashariki, na kwa miaka saba hamkuota kitu. Paka walilipenda sana.

Nilikuwa nimeposwa. Mchumba wangu alikuwa Unguja akisoma, na wazee wakakubaliana kwamba arusi itangoja miaka miwili mpaka arudi. Kwetu msichana haendi kwa mume. Mume ndiye huja, na msichana hupewa nyumba ya kumpokelea. Nyumba ile ilikuwa ya mama, na mama akasema siku ya arusi itakuwa yangu. Lakini bibi arusi hapewi nyumba yenye shimo tupu, akasema. Lazima tupande kitu, na kwa kuwa nyumba itakuwa yangu, nichague mimi: mwaridi au mwasumini.

Jambo dogo. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimezaa na nimezika, na bado sijaona jambo dogo lililotuhangaisha kama lile.

Mama alitaka mwaridi, na alikuwa na sababu ambayo hakuna binti mwenye adabu angeweza kuipinga. Katika shimo lile lile zamani ulisimama mwaridi wa bibi yangu, mama yake mama. Ulikuwa kijiti kifupi chenye miiba mibaya na maua madogo mekundu, na harufu yake ilikuwa ikifika mpaka darini, juu ya paa. Bibi alikuwa akikausha petali zake juu ya kitambaa na kuzitia ndani ya sanduku la nguo. Nikifumba macho sasa hivi naweza kuisikia harufu ya leso yake, na mimi si mtu wa kulialia ovyo.

Mwaridi ule ulikufa, na kufa kwake ndiko kulikoharibu nyumba. Bibi alipofariki, nyumba yake kubwa iligawanywa baina ya mabinti zake wawili, mama yangu na mdogo wake. Hakukuwa na ugomvi wowote katika kugawa. Mama alipata upande wenye kisima, mama mdogo akapata upande wenye chumba cha zidaka, vile vishubaka vya chokaa vya kupangia vyombo ambavyo tangu utoto alikuwa akivipenda. Wakakubaliana ukuta upite katikati ya kiwanda. Mafundi walipovuta kamba, ikapita juu ya mwaridi barabara.

Hapo ndipo heshima ilipowaponza. Mama alisema, "Mti na uwe wako, wewe ndiwe mdogo." Mama mdogo akasema, "Haiwi, na uwe wako, wewe ndiwe mkubwa." Wakashikana hivyo siku mbili, kila mmoja akimkarimu mwenzake, na wala hakuna aliyekubali kuuchukua. Siku ya tatu kila mmoja alikaa ndani akingoja mwenzake amwambie fundi la kufanya. Fundi naye, alipoona hakuna mwenye kusema, alidhani mti hauna mwenyewe. Akachanganyia chokaa yake papo hapo. Kufika adhuhuri mwaridi wa bibi ulikuwa umeungua mpaka mizizi, na shina lililobaki likaangukia upande wetu.

Mama alisema, "Wewe ulinyamaa." Mama mdogo akasema, "Wewe ndiwe uliyenyamaa." Mama akaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba hatamwambia mdogo wake neno mpaka yeye aanze. Na mama mdogo, upande wa pili wa ukuta ambao haukuwa hata umefika magotini, akaapa kiapo kile kile, neno kwa neno. Kwa hiyo wote wawili walikuwa wameapa kungoja kuanzwa. Baba alisema hajapata kuona kiapo kilichoshonwa vizuri kama kile, hakina pa kutokea, na yeye alikuwa mshona kofia, anajua kushona.

Ukuta ulipanda mpaka ukampita mtu mrefu aliyenyoosha mkono, na miaka saba ikapita.

Mimi nilikuwa mtoto wa watu wawili. Mama ndiye aliyenizaa, lakini mama mdogo hakujaliwa kuzaa, na tangu nitambae nilikuwa mgongoni mwake. Yeye ndiye aliyenifundisha Kurani. Nyumba yake ilikuwa chuo cha wasichana wa mtaa mzima. Yeye ndiye aliyenifundisha kutunga maua kwa ukindu uliochanwa mwembamba kama unywele, na kufunga kikuba, kile kifungu cha maua na rihani ambacho mwanamke hukipachika kifuani. Alikuwa ameniahidi, nikiwa bado sijang'oa meno ya utoto, kwamba siku ya arusi yangu kitanda changu atakipamba yeye na si mtu mwingine. Baada ya ugomvi niliendelea kwenda kwake kwa mlango wa mbele, mama akijifanya haoni. Lakini siku niliyoposwa nikawekwa utawani, maana yake nisitoke nje mpaka niolewe. Kuanzia siku hiyo nilimsikia mama mdogo kwa masikio tu, akiwasomesha wasichana nyuma ya ukuta, akimkemea mmoja na kumsifu mwingine. Nilikaa kando ya lile shimo nikisikiliza, na nilikuwa na wivu na kila msichana aliyekemewa.

Basi nilipoambiwa nichague, sikuwaza maua hata kidogo. Niliwaza ukuta. Mwaridi husimama pale ulipowekwa. Mwasumini hutambaa.

Sikusema hivyo, bila shaka. Nilisema habari ya maji. Maji ya kisima chetu yalikuwa ya chumvi kidogo, ya kuoshea na kutawadhia, na mwaridi hautaki mchezo na chumvi. Enzi ya bibi ulinyweshwa maji matamu yaliyotekwa nje ya mji na mwanamke ambaye bibi alimwita wake, kana kwamba mtu ni kitu cha kuitwa chako. Waingereza walipotangaza kwamba hakuna tena mtumwa, mwanamke yule aliweka mtungi chini, akaaga vizuri, akavuka bara na mumewe kwenda kulima shamba lao wenyewe. Nilimpenda, na nilifurahi kwa ajili yake, na tangu hapo maji matamu yalinunuliwa kwa mtungi na kuhesabiwa kwa kata. Mwasumini, nikasema, hunywa hata maji ya udhu.

Mama aliitazama sakafu yake. "Asumini huangusha maua, sakafu ikachafuka."

"Nitafagia."

"Harufu yake ikishika sana huita mashetani."

Baba, aliyekuwa akipita na kofia yake mkononi, alisema kwamba shetani atakayeweza kukaa nyumba moja na mama basi amestahili kupewa chumba. Mama hakucheka. Alisema, "Chagua, mwanangu. Lakini chagua kwa kitwa, usichague kwa pua."

Siku chache baadaye kilifika chombo kutoka kisiwa cha Ndau, na ndani yake mlikuwa na kopo lililofungwa kwa kitambaa chenye maji. Mama alikuwa amepeleka salamu bila kutuambia. Miaka ya nyuma bibi aliwahi kumpa rafiki yake wa Ndau tawi la mwaridi wake, na tawi lile likashika kule, mvuvi mmoja na mkewe wakilitunza nyuma ya nyumba yao ya makuti. Mama alikumbuka. Akaomba tawi la tawi. Lilikuwa na urefu wa kidole na majani matatu, na mama alilifungua kwa ncha za vidole, kama anayemfunua mtoto mchanga. Nilipomwona hivyo nilijiona mtu mbaya kabisa.

"Ni wa mamangu huu," akasema. "Ndio wenyewe. Umeondoka, umezunguka kwa bahari, umerudi."

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nilimwambia, huku nikitazama miguu yangu, kwamba nachagua mwasumini.

Sijui alielewa kiasi gani. Mama hakuwa mjinga, na ukuta ulikuwa pale pale unaonekana. Akasema, "Haya, nyumba ni yako," kwa sauti ya mtu anayesema nyumba si yako. Akachukua mtungi uliopasuka shingo, akaujaza udongo, akapanda lile tawi la mwaridi humo, akalipandisha darini mwenyewe. Kwa muda wa mwezi mzima alinihudumia kwa adabu, jambo ambalo kwa mama lilikuwa adhabu.

Mche wa mwasumini tulipewa na mke wa jirani. Nilipanda mimi. Kila nilipotawadha nililielekezea maji shimo lile, na mama naye, ingawa hakuutazama ule mti, nilimwona mara kwa mara akiumwagia maji ya kuoshea mchele, akigeuza uso kana kwamba mkono umefanya bila idhini yake. Nilimpenda kwa hilo kuliko ninavyoweza kueleza.

Mwasumini ulipanda. Lakini upande wetu ghorofa lilikinga jua la alasiri, na ukuta wenyewe ukakinga la asubuhi, kwa hiyo mti ule haukupoteza wakati kwetu. Ulitoa shina, ukatoa majani ya kutosha kutufariji, ukakimbilia juu. Baada ya masika ya kwanza ulikuwa umeshika ukingo wa ukuta. Baada ya vuli ulikuwa umemwagikia ng'ambo kama ushungi, na maua yake yote yalifunguka kule kwenye jua, kwa mama mdogo. Sisi tulipata harufu na majani makavu.

Mama alisema mara moja tu, "Haya. Umefurahi?" Nikasema maua yatakuja. Hayakuja.

Sasa, mtu mwingine angechuma akavaa na kushukuru Mungu kwa jirani mwenye maji. Lakini mama mdogo hakuwa mtu mwingine. Huyu ni mtu ambaye kuku wa jirani akitaga jikoni mwake, hulibeba yai kwa mikono miwili mpaka nyumbani kwa mwenyewe. Baba alikuwa akisema kwamba shemeji yake akikanyaga kivuli cha mtu humtaka radhi. Mti uliokuwa na mizizi kwetu ulikuwa mti wetu, na maua yake maua yetu, hata yangechanua mdomoni mwake. Na kuvaa ua ambalo mwenyewe hajakuruhusu ni kuvaa kitu cha watu.

Alasiri moja, wakati wa kuchuma vikonyo, yaani matumba ya maua, kabla havijafunguka, nilisikia kitu kikikwaruza juu ya ukuta. Kikapu kidogo cha ukili kilitokeza ukingoni, kikayumba, kisha kikashuka taratibu kwa kamba mpaka kikagusa shimo. Ndani yake mlikuwa na vikonyo vya asumini, vimelazwa juu ya jani la mgomba na kunyunyiziwa maji. Hakuna kimoja kilichokuwa kimepondeka.

"Mama mdogo," nikaita.

"Naam, mwanangu." Sauti yake ilikuwa pale pale, unene wa ukuta tu kati yetu.

"Ya nini haya?"

"Ni amana yenu. Kimwage kikapu nikivute."

Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba. Alikuwa amesikia yote. Alichukua vikonyo vile, akavitunga, akavaa. Kesho yake kikapu kilishuka tena. Na kesho kutwa. Ikawa kila siku baada ya swala ya alasiri tunamsikia mama mdogo akivuta ngazi, akichuma, akihesabu kwa pumzi, kisha kikapu kinakuja. Mama alikuwa akijidai ana kazi kiwandani wakati ule. Kila siku ana kazi kiwandani wakati ule.

Mimi nilikuwa na haraka, maana miezi ya arusi ilikuwa ikinikaribia. Siku moja nilisema juu ya ukuta, "Mama mdogo, usirejeshe. Chukua uvae. Ni maua yangu."

"Nyumba ni ya mamako mpaka siku ya arusi," akajibu, kwa sauti ile ile ya kumsahihisha mtoto aliyekosea aya. "Mwenyewe hajasema."

Baba akajaribu naye. Alizunguka kwa mlango wa mbele, akasimama ukumbini kwa shemeji yake, akasema kwamba mkewe hana neno, maua achukue. Mama mdogo akauliza, "Amekutuma?" Baba, ambaye angeweza kusema uongo kwa mtu yeyote mjini isipokuwa yule, akasema hapana. Akarudi na kikombe kimoja cha kahawa tumboni na hakuna kingine.

Wakati huo mwaridi wa darini ulikuwa umeshika. Haukuwa mwaridi wa kujivunia, ulikuwa umechongoka na wenye hasira, lakini mama alikuwa akiupandishia kata moja ya maji matamu kila asubuhi, kata aliyoipunguza kwenye chai yake mwenyewe. Mwanzoni mwa mfungo sita, mwezi wa maulidi, ukatoa maua mawili. Mama aliyachuma. Moja alilitia katika maji kando ya kitanda chake. La pili alitembea nalo mkononi kutwa nzima, akiliweka hapa, akilichukua, akiliweka pale.

Alasiri kikapu kiliposhuka, mama alinitangulia. Alitoa vikonyo, akaliweka lile waridi ndani, jekundu, peke yake juu ya jani la mgomba. Akaitikisa kamba mara mbili. Kikapu kikapanda.

Upande wa pili wasichana walikuwa wameshakwenda zao. Nilimsikia mama mdogo akivuta pumzi, na nadhani alikuwa ameliinamia, maana hakuna waridi jingine lenye harufu ile katika Amu nzima, na yeye alikuwa binti wa bibi kama mama alivyokuwa. Nilishika mkono wa mama. Aliniachia niushike.

Kisha kikapu kikarudi kikishuka polepole. Waridi lilikuwa ndani, halikuguswa.

Mama alikaa chini pale pale kwenye sakafu. Sijapata kumwona ameumia vile, hata siku ya mazishi ya bibi. Mimi nilikasirika, nikafungua mdomo nimwambie mama mdogo maneno ambayo mtoto hamwambii mwalimu wake, na baba, aliyekuwa ametoka chumbani na sindano mdomoni, akanizuia kwa kidole.

"Hakukataa," baba akamwambia mama taratibu. "Fahamu dadako alivyo. Kitu kimekuya ndani ya kikapu, hakina neno. Ni zawadi? Ni amana? Kimeanguka? Yeye ataka ijabu na kabuli. Useme umempa, naye aseme amekubali. Bila ya hapo hakigusi, hata angafa."

"Nimeapa," mama akasema.

"Najua umeapa. Nalikuwako."

"Nimeapa kwa Mngu, bwana."

Baba alirudi kwenye kofia yake, nasi tukabaki. Mimi nilidhani basi, imekwisha. Nilikuwa nimemnyima mama mti wa mama yake kwa ajili ya ujanja wangu, na ujanja wenyewe ulikuwa umeishia kwenye kikapu kinachopanda na kushuka. Arusi yangu ingepambwa na mtu mwingine. Nililia kesho yake mchana kutwa, na hakuna aliyenibembeleza, wala sikustahili.

Siku ya tatu niliamka nikamkuta mama kiwandani ametandika mkeka. Ilikuwa bado mapema, jua halijapanda. Kando yake palikuwa na gunia la mchele, na mkononi alishika kibaba, kile kipimo cha mti tulichokuwa tukipimia nafaka. Alikuwa akipima, akisawazisha kwa kiganja, akimimina rundo moja hapa, jingine pale. Siku ya maulidi yetu ilikuwa bado. Hatukuwa na msiba wala mgonjwa. Nilihesabu marundo yale yaliyokuwa yamepangwa mkekani. Yalikuwa kumi.

Nilikuwa mwanafunzi wa mama mdogo, kwa hiyo nilijua. Anayetaka kutoka katika kiapo chake hutoa kafara, alishe maskini kumi. Wasomi wetu huruhusu kafara ya chakula itangulie, mtu atoe kwanza kisha ndipo akivunje kiapo. Mama alikuwa akilipia neno kabla ya kulisema.

Nilikaa kitako nikamshikia mdomo wa gunia.

Watu wakaanza kuitwa kwa mlango wa nyuma, mmoja mmoja. Wengi walikuwa wajane tuliowajua, wanawake wenye nguo zilizofifia na ulimi uliojaa dua. Mama aliwamiminia kwenye pindo za kanga zao, akawaitikia amina. Wa kumi alikuwa bikizee mmoja aliyekuja na mfuko, na mfuko ulikuwa tayari una kitu. Alipokea, akaupima uzito kwa mkono, akacheka kwa ufizi.

"Mngu awazidishie," akasema. "Siku njema ya yeo. Hiki cha pili changu."

"Cha pili kivipi?" mama akauliza.

"Nyumba ya nyuma hapo kwa mwalimu. Alfajiri ametuita. Naye ni kibaba kibaba, watu kumi."

Mama alibaki ameshika kibaba kitupu. Bikizee akaenda zake, na sisi tukamsikia akikohoa njiani mpaka akapinda kona.

Halafu mama aliweka kibaba chini. Alipanda darini, nikasikia mtungi ukiburutwa, akashuka nao amekumbatia kifuani, miiba ikimchoma mikono. Akautua chini ya ukuta. Alijifuta uso kwa ncha ya leso, akakohoa kidogo kama anayejiandaa kusoma.

"Ndu yangu," akasema, "u wapi?"

"Nipo." Jibu lilikuja upesi, na kutoka karibu sana. Alikuwa amesimama pale pale, kwa muda gani, Mungu ndiye ajuaye.

"Maua yaliyo kwako nimekuhalalishia. Yaliyopita, na ya yeo, na yatakayokuya."

Mama mdogo akasema, "Nimekubali."

"Na mwaridi wa mama uko hapa kwangu, umetoka Ndau. Nimekupa."

Safari hii jibu lilichelewa. Nilidhani ataanza tena, haiwi, wewe ndiwe mkubwa, na turudi pale tulipotoka zaidi ya miaka saba nyuma. Nilimwona mama naye akiogopa hivyo hivyo.

"Nimekubali," mama mdogo akasema, na sauti yake ikakatika katikati ya neno.

Alasiri ile kikapu hakikushuka. Tulisikia mlango wa mbele, tukasikia viatu vya mti ukumbini, na mama mdogo akaingia kiwandani amejifunika, pindo lake limejaa vikonyo vya asumini. Alikuwa amekonda. Nywele zake za mbele zilikuwa zimepata mvi, na mama, aliyeachana naye zikiwa nyeusi, alizitazama kwa muda kisha akaangalia pembeni. Hawakukumbatiana, hiyo haikuwa tabia yao. Mama mdogo alinishika kidevu akanigeuza uso huku na huku, akasema nimekuwa mweupe kwa kukosa jua, na kwamba atahitaji maua mengi kuliko alivyodhani maana shingo yangu imerefuka. Nililia mbele yake bila aibu yoyote.

Kisha akageuka kuutazama ukuta wetu, ambao hakuwa amepata kuuona tangu ujengwe. Alitazama chini, shimoni, ambapo udongo ulikuwa bado umelowa maji ya mchele. Akalifuata shina kwa macho, shina kavu, jani moja hapa, jani moja kule, mpaka ukingoni juu. Hapakuwa na ua hata moja.

"Kwenu hapana maua," akasema.

"Hapana," mama akajibu.

"Nami nalidhani kwenu yamejaa. Nalidhani ni ziada tu inayoniangukia." Alilishika shina kwa vidole viwili. "Kumbe yote ni yangu. Miezi yote hii wewe wanyweshea, na yote wanipa mimi."

Mama alikuwa amekwisha kaa mkekani, amechukua ukindu, anauchana kwa ukucha. Hakuinua kichwa.

"Sikukupa," akasema. "Yalikwenda yenyewe. Kaa, tutunge."